Si vinteji mpaka iwake

Kuna neno moja limeharibu soko la nduthi za zamani hapa Kenya. Neno lenyewe ni "vinteji". Mtu ana pikipiki imelala kwa stoo ya kuku miaka kumi na tano. Siku moja anaamka, anaipanguza vumbi, anaipiga picha jioni jua likiwa zuri, anaandika: "Yamaha tu-stroki, vinteji, adimu sana, 280,000, maongezi yapo." Haiwaki. Tairi zimepasuka kama visigino. Logibuku "inashughulikiwa". Lakini ni vinteji, kwa hivyo toa doh.

Mimi nazipenda hizi nduthi. Nazipenda vibaya sana. Nikisikia ile sauti, rin-din-din, naacha chai mezani natoka nje kuangalia nani anapita. Kwa hivyo usiniweke kwa lile kundi la "si hiyo ni chuma chakavu, iuze kwa kilo". Hao pia nina maneno yao. Lakini leo naongea na muuzaji, na zaidi naongea na wewe mnunuzi: umri peke yake hauongezi hata shilingi moja kwa bei ya pikipiki. Kinachoongeza ni injini inayowaka ikiwa baridi, na karatasi zenye jina la mtu aliye hai. Ingine yote ni stori.

Naandika kwa sababu inboksi yangu imejaa swali moja. Vijana wa miaka 19, 21, wamejibana na pesa ya mjengo, ya mitumba, ya kushika kamera kwa harusi za watu, wananitumia tangazo wakiuliza, "Buda, hii ni bei poa?" Hizo si pesa za kuchezea. Mtu akipoteza laki mbili kwa nduthi ambayo hawezi hata kuibadilisha jina, hiyo ni mwaka mzima wa maisha yake umeenda.

Kwanza tuelewane tu-stroki ni nini, juu wengi wanaipenda kwa sauti tu.

Boda unayopanda kila siku ina injini ya mipigo minne. Pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikikandamiza, inasukumwa chini na mlipuko, inapanda tena ikitoa moshi. Krenki imezunguka mara mbili na umepata mlipuko mmoja. Tu-stroki haina huo muda. Kila krenki ikizunguka mara moja, mlipuko. Haina vali za juu, haina kamshafti, haina cheni ya taimingi. Kuna matundu tu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayafungua na kuyafunga ikipita. Hapo ndani vitu vikubwa vinavyotembea ni vitatu: pistoni, konrodi na krenki. Ndio maana injini ndogo hivyo, nyepesi hivyo, inaweza kukurusha mbele ukashtuka.

Sasa huo urahisi una gharama yake. Ile hewa na petroli inapitia kwanza chini ya pistoni, kwenye nyumba ya krenki, kabla ya kupanda juu kuungua. Kwa hivyo huwezi kujaza oili pale chini ukasahau, kama kwa boda. Oili lazima isafiri pamoja na petroli, ipake beringi, ipake silinda, kisha iungue. Ule moshi wa bluu unaouona ndio oili iliyomaliza kazi yake. Mwaka 1964 Yamaha walileta mfumo wao wa Autolube: tanki dogo la oili pembeni, na pampu inayopima yenyewe kulingana na unavyovuta mafuta. Kitu safi kabisa. Shida ni kwamba nduthi nyingi za zamani utakazoonyeshwa, pampu ilishatolewa. Fundi fulani, zamani, alisema inasumbua. Basi kuanzia siku hiyo wewe ndiwe pampu. Ukichanganya moja kwa 25, lita tano za petroli zinataka mililita 200 za oili ya 2T. Si kukadiria kwa jicho, si "weka kiasi". Ukizidisha, plagi inachafuka na eksozi inaziba. Ukipunguza, pistoni inashika silinda na umeua injini.

Na kuna hii ambayo hakuna muuzaji atakwambia. Sema unashuka eskapmenti kuelekea Mai Mahiu, umefunga mafuta kabisa, umeacha gia ishikilie nduthi. Injini inazunguka kasi, lakini petroli haiingii, na oili ilikuwa ndani ya petroli. Unaona shida? Silinda inakauka ukiwa kwa mteremko, pistoni inashika, gurudumu la nyuma linajifunga. Waliozoea tu-stroki hupanda na vidole viwili vimekaa juu ya klachi muda wote, na kwa mteremko mrefu huvuta mafuta kidogo kidogo ili injini inywe. Mtu akikuuzia nduthi bila kukwambia hivyo, hajawahi kuipanda, ama hajali utafika nyumbani vipi.

Halafu eksozi. Lile bomba lililovimba tumboni kama nyoka aliyemeza panya halikutengenezwa hivyo kwa urembo. Matundu ya kuingiza na ya kutoa yanakuwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hivyo mafuta mabichi hutoroka na moshi. Umbo la lile bomba hurudisha wimbi la mgandamizo, na hilo wimbi linayasukuma mafuta yaliyotoroka yarudi ndani kabla mlango haujafungwa. Yaani bomba ni sehemu ya injini. Sasa nenda uangalie nduthi ngapi za zamani zimekatwa bomba zikachomelewa kipande cha paipu "ndio ilie vizuri". Inalia, ndio. Nguvu imeenda.

Wauzaji wetu wanapenda stori, manze. "Hii ilikuwa ya mzungu." Kila nduthi ya zamani Kenya ilikuwa ya mzungu. "Hii ilikimbia Safari Rally." Ndugu yangu, Safari Rally ni ya magari. Na kinachoniuma ni kwamba stori ya kweli iko, na ni kali kuliko hizo zote.

Kuna mji mdogo Ujerumani unaitwa Zschopau. Kiwanda cha DKW kilichokuwa pale kilitengeneza pikipiki ndogo ya tu-stroki, RT125. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, muundo wake ulichukuliwa na kila mtu: Waingereza wakatoa BSA Bantam, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa ya kwao, na Wajapani waliokuwa wakiunda piano na vinanda wakatoa YA-1 mwaka 1955. Hiyo ndiyo Yamaha ya kwanza kabisa. Kwa hivyo tukisema "Yamaha ya asili", babu yake ni Mjerumani.

Inaendelea. Zschopau ikaangukia upande wa Mashariki, kiwanda kikawa MZ. Mhandisi wao, Walter Kaaden, mtu aliyekuwa amefanya kazi Peenemünde wakati wa vita, ndiye aliyeifanya sayansi ya ile eksozi ya tumbo ifanye kazi kwa mashindano. Kufikia 1961 injini yake ya 125cc ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Hesabu: hiyo ni farasi 200 kwa lita, bila turbo. Dereva wake alikuwa Ernst Degner, na mwaka huo Degner alikuwa anaongoza ubingwa wa dunia wa 125cc. Agosti, ukuta wa Berlin ukaanza kujengwa. Septemba, baada ya mashindano ya Sweden, Degner hakurudi nyumbani. Mke na watoto wake walikuwa wametoroshwa hadi Magharibi wakiwa wamefichwa kwenye buti la gari. Yeye akaenda Japani, kwa Suzuki, na siri za Kaaden kichwani. Mwaka uliofuata, 1962, Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa 50cc, na dereva alikuwa nani? Degner. Kama wewe hutazama Formula 1, unazijua zile kona mbili za Suzuka zinazoitwa Degner. Ni huyo huyo. Alianguka hapo.

Kaaden alibaki Zschopau. Kila mara nikifikiria hii stori namfikiria yeye, si Degner.

Kutoka hapo Wajapani walikimbia. Yamaha DT-1 mwaka 1968, nduthi ya barabara na ya porini kwa pamoja. Kawasaki H1 mwaka 1969, silinda tatu, karibu 500cc, nyepesi na yenye hasira, iliyopewa majina mabaya na walioiogopa. Suzuki GT750 ya kupozwa na maji mwaka 1971. Huko nje leo, H1 safi au Suzuki RG500 Gamma ya 1985 huuzwa kwa pesa ya gari. India, Yamaha RX100 iliacha kuundwa mwaka 1996 na watu bado wanaitafuta, wanalipa zaidi ya bei iliyotoka nayo dukani. Ndipo wajanja wetu wanaona hizo bei kwa simu, wanaangalia stoo ya guka, wanasema, eeh, hata sisi tuko nayo.

Lakini hizo zinazouzwa ghali zinauzwa kwa sababu maalum. Namba ya chesisi na ya injini zinalingana na karatasi. Tanki, eksozi na kabureta ni zile zilizotoka nazo kiwandani. Kuna rekodi ya kila mtu aliyeimiliki. Na mnunuzi ana gereji, ana pesa ya pili ya kuitunza. Ukiondoa hayo yote ukabaki na rangi ya maji ya chupa iliyopakwa kwa brashi juu ya kutu, hata mnunuzi wa Tokyo atakupatia bei ya chuma.

Zilizobaki kwetu kwa wingi si za mashindano. Ni nduthi za kazi: DT za injini ndogo, 125 na 175, Suzuki za porini, na Yamaha AG100, ile yenye kerio mbele na nyuma na kifuniko cha mnyororo, iliyoundwa kwa ajili ya mashamba. Zilibeba maafisa wa kilimo, watu wa chanjo, makasisi, wafanyakazi wa mashirika. Zina namba za KA kama gari, kabla pikipiki hazijapewa zile za KM. Kisha serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, boda za mipigo minne zikajaa kila kona, za bei nafuu na hazitaki kuchanganyiwa oili, na hizi za wazee zikasukumwa nyuma ya nyumba. Hakuna mtu aliyekosea hapo. Kwa biashara ya kubeba watu kutwa nzima, mipigo minne inakula petroli kidogo na inadumu. Anayekuuzia tu-stroki akikwambia utaitumia kwa boda, mwache hapo hapo.

Mwezi uliopita nilienda kuangalia moja. Yamaha DT175, upande wa Kikuyu, bei 220,000. Jamaa ni wa rika langu, mpole, anaongea vizuri. Nilipofika nikaweka kiganja karibu na silinda: joto. Alikuwa ameiwasha kabla nifike. Hii ni mbinu ya zamani kuliko nduthi yenyewe, kwa sababu injini ikishapata moto hata mgonjwa anasimama. Nikamwambia hakuna haraka, tungoje ipoe, tupige stori.

Tukakaa saa nzima na zaidi. Shosho yake akatuletea chai. Akaangalia nduthi, akaniangalia mimi na mfuko wangu wa spana, akauliza, "Umekuja kuitengeneza?"

Jamaa akaangalia chini.

"Ni vizuri," shosho akasema. "Guka wao angefurahi. Hii ndiyo alikuwa anazunguka nayo kwa wakulima, hata mwaka ule wa mahindi ya manjano. Alikuwa anarudi usiku, nguo zote zinanuka huo moshi. Nilikuwa naosha mara mbili na bado."

"Ilikuwa ya serikali, shosho?"

"Kwanza ya serikali. Alipostaafu akainunua kwa mnada. Risiti iko. Mimi ndiye niliweka."

Nikanyamaza. Sikuwa mtu wa kumwambia kitu ambacho mjukuu wake hajamwambia.

Ilipopoa nikaipiga kiki. Ya tisa ndiyo ilikubali. Sauti ilikuwa tamu, siwezi kudanganya, nilisisimka hadi mikononi. Lakini baada ya dakika mbili, bila mtu kugusa mafuta, mlio ukaanza kupanda wenyewe. Hiyo ni hewa inaingia mahali isipotakiwa, na kwa tu-stroki ya umri huo mshukiwa wa kwanza ni sili za krenki. Mpira ukikaa miaka hukauka. Hewa ya ziada inafanya mchanganyiko uwe mwembamba, injini inachemka, na unajua mwisho wake. Sili zenyewe si ghali. Ile ya upande wa magneto unaweza kuifikia bila kupasua kila kitu, ya upande wa pili ni kazi, na ukishafika huko utaangalia beringi pia, na ukishaangalia beringi utaangalia silinda. Hapo ndipo bei ya 220,000 inaanza kukohoa.

Kwa hivyo ukienda kuangalia, gusa injini kabla ya kusalimia. Ikiwa na joto, ngoja. Sukuma kiki kwa mkono, polepole: ikikataa kwa nguvu, kompresheni iko, ikishuka kama nyonga ya mlevi, tafuta pesa ya pistoni na kuchonga silinda. Pistoni na ringi za DT bado unaweza kuzipata, kwa sababu Yamaha waliendelea kuunda hiyo familia kwa masoko ya nje kwa miaka mingi. Plastiki za pembeni na tanki zuri ndizo shida, kwa hivyo nduthi iliyokamilika mwili lakini injini imechoka ni afadhali kuliko yenye injini tamu iliyovaa tanki la nduthi ingine. Chomoa plagi uangalie rangi. Kahawia ya maziwa ni sawa. Nyeupe, injini inapikwa. Moshi mweupe mzito usioisha na oili ya gia inayopungua bila kuvuja chini, sili ya upande wa gia imekufa na injini inakunywa oili ya gia. Taa hafifu usizilaumu sana, nyingi za hizo zina umeme wa volti 6 na hazikuwahi kung'aa hata zikiwa mpya.

Halafu usimpelekee fundi yeyote tu. Kijana aliyejifunzia boda ni mzuri kwa boda. Hii anaweza kukutafutia vali hadi jioni. Nenda Grogan, nenda Kariobangi Light Industries, uliza mzee anayejua tu-stroki. Utaonyeshwa mtu mmoja amekaa kwa kiti kifupi, hana bango, hana simu ya maana. Atasikiliza injini akiwa ameangalia kando. Kaa hapo siku nzima umbebee spana. Hao wazee wanapungua, na wanachokijua hakiko kwa video yoyote ya Kiswahili niliyowahi kuona. Hii ndiyo sababu yangu ya kweli ya kukataa ile maneno ya "iuze kwa kilo". Injini unayoweza kuifungua yote mezani kwa jioni moja, ukaona kila kitu na ukaelewa kinafanya nini, ni shule. Boda mpya za siku hizi zinaelekea kwa kompyuta, na za umeme hata zaidi, na ni sawa. Lakini mtu huanzia mahali.

Turudi kwa karatasi, juu hapa ndipo watu hulia. Logibuku ya ile DT ilikuwepo, halisi. Jina: guka. Guka alifariki 2011. Kwa sheria, mali ya marehemu haiuzwi na mjukuu kwa sababu anakaa karibu na stoo. Lazima mirathi ipitie kortini, apatikane msimamizi, na huyo ndiye anaweza kuihamisha jina kwa NTSA. Jamaa akaniambia, "Tutaandikiana tu agrimenti kwa wakili." Agrimenti haigeuzi mjukuu kuwa mwenye mali. Ukisimamishwa barabarani uko na nduthi ya marehemu. Siku mjomba mmoja akikasirika Krismasi, akasema hiyo mali ya baba iliibiwa, wewe ndiwe umeshikwa nayo. Na kama ilikuwa ya serikali, taka kuona karatasi za mnada, kwa sababu kuna zingine zilitoka kwa ofisi bila mnada.

Ndio maana nasema hiyo risiti ya shosho ina thamani kuliko nduthi. Na ndio maana, wewe muuzaji wa rika langu, kaa chini na familia kabla ya kupiga picha. Si kwa ajili ya heshima peke yake, hata kwa biashara: nduthi yenye mirathi safi, karatasi ya mnada, logibuku, na bibi ya mwenyewe anayekumbuka ilikuwa inaenda wapi, hiyo naweza kulipa vizuri na nikashukuru. Bila hivyo unauza spea. Spea zina bei yake, tusidanganyane, lakini bei ya spea haiandikwi "adimu sana".

Sasa moshi. Najua kuna mtu amengoja hapa na kidole juu. Uko sahihi. Tu-stroki ya zamani inatupa hewani mafuta ambayo hayajaungua, na hiyo ndiyo iliyoiua: Marekani walianza viwango vya moshi wa pikipiki kwa za mwaka 1978, na nchi zingine zikafuata, na viwanda vikahamia mipigo minne. Sitaki kuona hizi mia moja kwa Thika Road saa moja asubuhi. Nina mdogo wangu wa pumu, najua hewa ya Nairobi ikoje. Moja ya Jumapili, iliyotunzwa, oili nzuri, mchanganyiko sahihi, ikienda Magadi na kurudi, hiyo naitetea. Yenye bomba lililokatwa, inayofukiza watoto kwa steji ili mtu apate video ya sekunde kumi na tano, siitetei, hata ikiwa ya kwangu.

Na kama ni uwekezaji unatafuta, tafadhali, kuna sacco. Nduthi ya zamani haikai ikipanda bei yenyewe. Inakaa ikikauka sili, ikila kutu ndani ya tanki, na kabureta ikijaa ugoro wa petroli iliyolala. Mwenye kuipanda kila wiki ana mali. Mwenye kuifunika turubai ana shida inayokua.

Ile DT ya Kikuyu nilimpa ofa: 110,000, mirathi ikiisha, msimamizi asaini mwenyewe, na shosho awe anajua inauzwa. Sili nitabadilisha mimi. Jamaa akacheka, akaniambia kuna mtu wa Nairobi anakuja nayo 220 Ijumaa. Nikamtakia kila la heri. Ijumaa imepita mara tatu. Tangazo bado liko, picha ni ile ile ya jioni, ila sasa "vinteji" imeandikwa kwa herufi kubwa.